Pampu Ambayo Haikufika Gitega

Kipande cha kwanza cha moyo wa binadamu nilichopewa kukifanyia kazi kilikuwa na ukubwa wa njugu moja. Kilikuwa kimegandishwa ndani ya kichupa, na juu yake palibandikwa nambari badala ya jina. Nilikuwa mwanafunzi katika mji mmoja wa baridi huko Ulaya, na maabara yetu ilikuwa ghorofa ya chini ya hospitali ambako watu wenye mioyo iliyochoka walifungiwa pampu. Daktari mpasuaji alitoboa ncha ya moyo ili apitishe bomba la kuvuta damu, na kile kinyama alichokitoa kilishushwa kwetu. Mgonjwa aliishi na pampu hiyo kwa miezi, pengine mwaka, akingoja moyo wa mtu mwingine. Siku moyo huo ulipopatikana, ule wake wa zamani ulitolewa, na kipande kingine kikashushwa kwetu. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha vipande viwili vya mtu mmoja: kimoja cha moyo uliolemewa, kingine cha moyo uliokwisha kusaidiwa.

Wagonjwa wenyewe niliwaona kwenye korido. Walitembea polepole na mkoba wa betri begani, na ukiwa karibu nao ulisikia pampu ikigonga tumboni mwao kama saa ya ukutani ya zamani. Mmoja, mzee aliyekuwa mwokaji mikate, aliniambia kwamba wiki ya kwanza mkewe alilalamika juu ya kelele ile, halafu akawa hawezi kusinzia bila kuisikia.

Nitaeleza kwa ufupi nilichokiona kwenye vile vipande, kwa sababu bila hicho nisingekuwa na haja ya kuandika haya. Moyo ukilemewa, seli zake hurefuka na kunenepa. Ndani ya seli, maagizo ya kutengeneza protini hubadilika, na moyo wa mtu mzima huanza kutengeneza vitu ambavyo mara ya mwisho ulivitengeneza ukiwa bado tumboni mwa mama. Kalsiamu, ambayo hutoka ghalani mwake kila msuli unapokaza na kurudishwa unapolegea, huchelewa kurudi kwa sababu protini za kuirudisha zimepungua. Msuli usiolegea vizuri haujai damu, na hata kukaza kwake kunakosa nguvu. Kisha pampu inafungwa na moyo unapumzika. Kwenye kipande cha pili unakuta seli zimepungua unene, protini za kurudisha kalsiamu zimeongezeka, na baadhi ya yale mambo ya tumboni yamenyamaza. Si yote. Makovu yaliyokwisha kushika hubaki, na wengi bado walihitaji moyo mwingine. Lakini wachache walitolewa pampu wakaenda nyumbani na moyo wao wenyewe.

Miongoni mwa hao wachache, mkuu wetu wa maabara alisema siku moja, wanawake waliougua baada ya kujifungua walionekana mara nyingi kuliko wengine. Alilisema kama jambo la kawaida, akaendelea na mengine. Mimi nilirudisha kichupa kwenye barafu, nikatoka nje, nikasimama kwenye theluji bila koti. Nyumbani Burundi vita vilikuwa havijaisha, na dada yangu alikuwa amefia Muyinga kwa ugonjwa huo huo.

Tulikuwa wawili tu kwa mama. Baba alikuwa fundi wa nguo katika mtaa wa Waswahili mjini Gitega, na alipofariki, dada ndiye aliyekaa kwenye cherehani yake. Mimi nilikuwa bado mdogo. Alishona magauni ya maharusi, kanzu za sikukuu, sare za shule, na sare yangu ya sekondari ilipendeza kuliko za watoto wa wakubwa. Mama alilelewa Kigoma na alikuwa mkali juu ya Kiswahili. Dada aliweka "iko" mahali pa "ni" na "kuna" makusudi ili amsikie akiguna. Alikuwa na kicheko kikubwa cha kuwashtua wapita njia.

Aliolewa na mfanyabiashara wa vitenge wa Muyinga, mtu mrefu, mpole, aliyevuka mpaka kwenda Ngara na kurudi na mizigo. Vita vilipoanza walikuwa na watoto wawili. Wa tatu, msichana, alizaliwa wakati nchi jirani zimetufungia mipaka kwa vikwazo, mafuta ya gari ni ya kutafuta kwa tochi, na barabara ya kutoka Gitega kwenda Muyinga haipitiki ila kwa msafara wa malori wenye askari mbele na nyuma.

Mtoto alikuwa hata hajaanza kucheka dereva mmoja alipotuletea ujumbe wa shemeji: mke wangu anakosa pumzi, na huku hawajui ni nini. Mama alikuwa mgonjwa wa magoti. Akanifungia vitumbua kwenye kitambaa, akaniombea dua mlangoni, nikapanda juu ya magunia ya maharage.

Njia ile ilipita Karuzi. Milima ilikuwa ya kijani kama kawaida, migomba imebeba, lakini nyumba nyingi hazikuwa na paa, na watu wa milimani walikuwa wamekusanywa makambini, vibanda vya majani vimebanana hadi ukingo wa barabara. Watoto walitutazama bila kutupungia mkono. Hatimaye tukaiona Muyinga.

Dada nilimkuta ameketi uani juu ya mkeka, ameegemea gunia la nguo kuukuu. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Uso wake ulikuwa umekonda.

"We mdogo wangu," akasema, "umekuja na lori za waaskari? Mama amekuachilia?"

"Mama ndiye aliyenituma."

"Basi mi nakufa kweli." Akacheka, na kicheko kikakatikia kwenye kikohozi.

Mama mkwe wake aliamini kuna mtu amemtilia kitu kwenye uji wa uzazi. Hakuwa mwanamke mbaya. Alimbeba yule mtoto mgongoni kutwa nzima, akachemsha majani aliyoyajua, akakataa kula na majirani. Kwenye zahanati walikuwa wamempa dada dawa ya malaria na vidonge vya kuongeza damu. Shemeji alinivuta pembeni, karibu na banda la kuku.

"Hawezi kulala chini," aliniambia. "Akilala anaamka kama mtu aliyetolewa majini. Mi naona tumpeleke Gitega. Kule iko dokta mmoja Mkongomani, watu wanamsifu."

Watoto wakubwa walibaki na baba yao na bibi yao. Tuliondoka na msafara uliofuata, dada mbele pamoja na dereva, mimi juu na kichanga.

Daktari huyo alitoka Kivu Kusini. Alikuwa amesomea Ulaya, akarudi kufanya kazi Bukavu, na vita vya kwao vilipowaka akavuka kuja kwetu, ambako pia palikuwa panawaka. Wodi zake zilijaa watu wa risasi na mabomu ya kutegwa, wengine wamelala chini kati ya vitanda. Hata hivyo alimsikiliza dada kifuani kwa muda mrefu, kisha akatuongoza kwenye chumba cha mashine ya kuangalia mimba.

"Dokta, mi sina mimba tena," dada akasema.

"Najua, mama. Tunaangalia juu kidogo."

Kwenye kioo nikaona kitu cheusi kikitikisika ndani ya kijivu. Sikuelewa ninachokiona, lakini niliona kwamba hakikazi. Kilitetemeka tu, kama jeli iliyosukumwa sahani.

"Voilà," daktari akasema taratibu. "Moyo iko kubwa sana, na nguvu iko kidogo. Hii si uchawi, si sumu. Inatokea kwa wamama wengine kiisha kuzaa. Kwa nini kwa huyu na si kwa mwingine, mi sijui. Hata walimu yangu hawakujua."

"Itapona?" nikauliza.

Alizima mashine kwanza. "Inaweza. Moyo ya namna hii inaweza kurudi, kama inapata kupumuzika. Kule nilisomea, wakati dawa inashindwa, wanamufungia mutu pompe. Pompe inafanya kazi ya moyo, moyo yenyewe inakaa, inapumuzika."

Dada alikuwa akijifuta yale mafuta kifuani. "Hiyo pompe inakunywa nini? Mazutu, kama lori?"

"Umeme, mama. Na betri."

"Umeme ya hapa Gitega?" Akaanza kucheka, na safari hii daktari naye akacheka, amejishika paji la uso. "Dokta, umeme ilikatika tangu juzi! Mashine yako hii iko kwa jenereta. Mi nitapiga moyo na kibatari?"

Nikacheka nao. Mpaka leo nikikumbuka chumba kile nakumbuka kwanza kwamba tulicheka.

Alimpa vidonge vya kukojoza maji, vya kulegeza mishipa, na kimoja kidogo cha kuupa moyo nguvu. "Hii ndiyo pompe yetu," alisema. Asile chumvi, asibebe kitu, asizae tena, na mtoto aachishwe ziwa kwa sababu ya dawa. Hilo la mwisho ndilo lililomtoa machozi. Mama alimfundisha mtoto kunywa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, na kwa siku kadhaa dada alikaa chumba kingine ili asisikie akilia.

Dawa zilifanya kazi. Nasema hivyo nikijua ninachokisema. Maji yalitoka, miguu ikarudi kuwa miguu yake, akaanza kulala kwa mito miwili badala ya kukaa. Alikula maharage yasiyo na chumvi huku akiyatukana. Ndagala, dagaa za chumvi alizozipenda kuliko nyama, mama aliacha kabisa kuziingiza nyumbani kwa ajili yake. Akaanza kuitazama cherehani. Nilimkuta asubuhi moja ameshakalia kiti, mguu kwenye pedali, nikapiga kelele.

"Dokta amesema usifanye kazi!"

"Nashona kanguo ka mtoto tu. Kaa hapa, we zungusha kwa mkono, mi nashika kitambaa."

Tukashona hivyo, mimi nikizungusha gurudumu, yeye akiongoza kitambaa kwa vidole. Miezi ile ilikuwa mizuri. Mtoto alijifunza kukaa, halafu kutambaa kuelekea kwenye vipande vya kitambaa chini ya meza. Daktari alimtazama tena kwenye mashine akasema moyo umepungua kidogo upana. "Kidogo," alirudia, akiinua kidole, lakini uso wake ulikuwa na furaha. Leo najua nini huenda kilikuwa kikitokea ndani ya zile seli. Vidonge vilikuwa vikifanya, polepole na nusu nusu, kile ambacho baadaye nilikiona pampu ikikifanya kule Ulaya.

Kisha vidonge vikaanza kupungua mjini. Duka la dawa moja likawa na kimoja bila vingine, halafu halina chochote ila maji ya chumvi na bandeji. Daktari alitupatia alivyokuwa navyo, akatuambia tukate nusu. Shemeji akavipata Ngara kwa njia za panya, akavituma kwa msafara, vikafika. Akatuma tena. Msafara ule ulivamiwa kabla ya Karuzi, malori mawili yakaungua na watu wake. Hatukuwahi kumjua mtu aliyebeba kifurushi chetu. Mama alimsomea dua kila Ijumaa bila kujua jina lake.

Dada akavimba tena, upesi kuliko mara ya kwanza. Alipopata vidonge vingine, mwili haukuvipokea kama zamani. Maji yalitoka nusu, nusu yakabaki. Akawa anapumzika kati ya sentensi.

Shemeji alikuja mwenyewe. Alitaka kumwona mkewe, na alibeba habari kwamba mtoto wa kati ameugua surua, amepona, lakini tangu hapo anakaa mlangoni akimuulizia mama yake. Dada alimsikiliza hadi mwisho. Siku ya pili akaniomba nimsindikize kwa daktari.

"Nataka kwenda Muyinga," alimwambia.

"Mama, barabara ile ni mubaya hata kwa mutu muzima. Hapa niko karibu. Tungoje dawa."

"Dokta, unangoja dawa gani?"

Daktari akaitazama droo ya meza yake.

"Wewe umenitendea vizuri," dada akasema. "Mungu akulipe. Lakini nina watoto wawili kule. Mi nikae hapa nangoja, na wao wakae kule wanangoja?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti lake, akaivaa tena. Akafungua droo, akatoa vidonge vilivyokuwemo vyote, akavifunga kwa karatasi. Alituandikia namna ya kuvigawa ili vidumu. Mlangoni alimshika dada mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mgonjwa.

Mama hakubisha. Alimwosha dada nywele, akamsuka, akamfunga kilemba. Waliagana chumbani, mlango umefungwa.

Karuzi msafara ulisimama. Mbele kulikuwa na milio ya bunduki, na askari wakatuambia tungoje. Jua lilikuwa kali. Shemeji alishika kitenge juu ya dirisha la lori kumkinga mkewe, mkono ukichoka akibadilisha. Mimi nilisimama upande wa pili na mtoto.

"Unasoma bado?" dada akaniuliza ghafla.

"Nimemaliza, dada. Unajua nimemaliza."

"Basi soma tena. Soma mambo ya yule dokta." Akavuta pumzi. "Unaona vile anajua, halafu hana kitu mkononi? Inauma kuona mtu hivyo."

Nilimwambia asichoke kwa kuongea. Akasema kuongea hakumchoshi, kunyamaza ndiko kunakomchosha. Milio ikaisha, tukaruhusiwa kupita.

Muyinga aliishi wiki kadhaa. Mama mkwe alimtandikia kwenye baraza ili aone njia, na watoto hawakumwacha hata kwenda kucheza. Aliwafundisha sura fupi za Kurani, mstari mmoja, anapumzika, mstari mwingine. Alinituma nikate kitenge cha njano kwa ajili ya magauni ya Idi, akanionyesha kwa kidole wapi pa kukata. Sikuwahi kumwona ana hofu. Shemeji ndiye aliyekuwa na hofu. Alikuwa akitoka uani kila mara na kurudi macho mekundu, akisema ni moshi.

Ilikuwa asubuhi, baada ya chai. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele karibu naye, mimi nikimvisha mtoto. Dada alimwambia mama mkwe, "Mama, nishike kidogo," kama mtu anayetaka kuinuliwa akae vizuri. Yule bibi akaweka ungo chini, akampitisha mkono mgongoni. Alipogundua, alikaa hivyo hivyo bila kumwachia, akitamka shahada sikioni mwake, na mchele ukamwagika kwa sababu mtoto wa kati alikuja mbio akaukanyaga.

Walimzika alasiri hiyo hiyo. Wanaume walikwenda na jeneza begani, sisi wanawake tukabaki. Mvua ilinyesha wakiwa makaburini, na shemeji alirudi na udongo hadi magotini, akakaa chini ukutani. Watu walimletea maji. Akayashika kikombeni bila kuyanywa mpaka maghribi.

Tulikubaliana nimrudishe mtoto Gitega kwa mama, kwa kuwa ndiko alikokulia. Nilipomaliza kumpelekea mama habari, ambayo aliijua kwa kuniona tu nikishuka na mtoto peke yangu, nilikwenda hospitali. Daktari alikuwa na damu kwenye mikono ya koti. Aliniona, akaelewa, akaniashiria nikae kwenye benchi, akaketi kando yangu.

"Ilikuwa nyumbani?" akauliza.

"Nyumbani. Asubuhi."

"Na watoto?"

"Walikuwepo."

Akatikisa kichwa mara nyingi. "Miezi," alisema mwishowe. "Alihitaji miezi tu ingine, na dawa isiyokatika. Ile moyo ilikuwa inarudi. Mi niliona kwa macho yangu." Muuguzi akamwita kutoka wodini. Aliinuka, akasimama kidogo kama aliyesahau anakokwenda, halafu akaenda.

Ni yeye aliyeniazima vitabu vyake vya biolojia vya Kifaransa, vimelowa maji ya mvua kando, na ndiye aliyenisukuma niombe nafasi ya masomo ng'ambo. Nilipoondoka yeye mwenyewe alikuwa ameshahamia nchi nyingine. Nilimwandikia kutoka maabara kumweleza juu ya vipande viwili vya moyo, na kwamba alichokiona kwenye mashine yake ya mimba huenda kilikuwa kweli. Sikupata jibu, na sijui kama barua ilimfikia.

Shemeji alioa tena baada ya muda mrefu, mwanamke mwema, naye mama mkwe alikufa kabla vita havijaisha. Mimi nilirudi nyumbani nilipomaliza masomo, na watoto wote watatu wa dada wako hai. Yule mdogo, aliyekulia kwa mama hapa Gitega, alianza kuniita mimi mama kabla sijasafiri, na hakuna aliyemkanya. Mkubwa anamkumbuka dada kidogo: mkono, harufu ya mafuta ya nywele, zile sura za Kurani. Wa kati anasema anakumbuka mengi, na huyasimulia vizuri tukikaa wakati wa Idi, lakini mengi ya hayo ni niliyomsimulia mimi.